Sauti Juu ya Picha: Historia ya Matangazo ya Kikanda ya Discovery Channel na Suala la Msimulizi wa Kiswahili

Utangulizi

Mwanzoni mwa mwaka 2013 mfululizo wa filamu za hali halisi uitwao Africa ulirushwa katika pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Ulikuwa umetengenezwa kwa ubia baina ya shirika la BBC la Uingereza na kituo cha Discovery Channel cha Marekani. Picha zilikuwa, kwa kiasi kikubwa, zilezile. Hata hivyo, mtazamaji wa Uingereza alisimuliwa picha hizo na David Attenborough, ilhali yule wa Marekani alisimuliwa na mwigizaji Forest Whitaker. Sehemu ya pili ya mfululizo huo, Savannah, inahusu Afrika Mashariki. Mna humo mijusi wanaowinda nzi juu ya miili ya simba waliolala, na mna pia tukio lililowaliza wengi: ndama wa tembo anayekufa kwa njaa huko Amboseli wakati wa ukame, mama yake akiwa amesimama kando yake.

Kifo kimoja, wasimulizi wawili. Kwa mhakiki wa fasihi hili si jambo dogo. Katika riwaya, kumbadilisha msimulizi ni kuiandika upya kazi nzima. Katika runinga ya mambo halisi badiliko hilo huchukuliwa kuwa suala la ufundi na biashara, ambalo huamuliwa ofisini baada ya filamu kukamilika. Makala haya yanadai kwamba historia ya matangazo ya kikanda ya Discovery Channel haieleweki vyema ikisomwa kama historia ya kuenea kwa picha. Ni historia ya ugavi wa sauti. Picha zilisafiri kama bidhaa moja, na usimulizi ukagawiwa kwa kufuata mipaka ya masoko na ya sheria. Katika ugavi huo Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya picha, na lugha yake kuu ya mawasiliano haikutengewa msimulizi.

Msimulizi Anayeweza Kuondolewa

Msimulizi wa filamu ya hali halisi ana sifa nyingi za yule ambaye wahakiki humwita msimulizi maizi. Haonekani. Anajua kilichomo kichwani mwa chui na kilicho nyuma ya kilima. Anatumia nafsi ya tatu na hahitaji kutuambia amejuaje anayoyasema. Lakini kuna tofauti moja ya kimsingi baina yake na msimulizi wa riwaya. Huyu wa riwaya ndiye dunia ya riwaya yenyewe: ukimwondoa, hakuna kinachobaki. Yule wa filamu ameambatishwa tu juu ya dunia iliyokwisha kupigwa picha. Ndiyo maana watayarishaji huhifadhi muziki na milio ya asili katika mkondo wake, na maneno ya msimulizi katika mkondo mwingine. Mkondo wa pili huweza kufutwa na mwingine kuwekwa mahali pake, simba asijue kwamba amepata mfasiri mpya.

Utaratibu huu ndio uliowezesha matangazo ya kikanda. Pia ndio unaomtofautisha msimulizi huyu na fanani wa fasihi simulizi. Fanani huwa mbele ya hadhira. Hadhira huweza kumkatiza, kumwitikia au kumkosoa. Msimulizi wa filamu hana wa kumwitikia, na hadhira yake haijui kwamba jirani zao, ng'ambo ya mpaka, wamesimuliwa habari hiyohiyo na mtu mwingine kwa hisia nyingine.

Kutoka Landover hadi Kanda za Dunia

Discovery Channel ilianzishwa na John Hendricks, na matangazo yake yalianza tarehe 17 Juni 1985 huko Landover, katika jimbo la Maryland, yakifikia nyumba 156,000. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulipia: kituo kizima kisichokuwa na tamthilia wala michezo, bali filamu za sayansi, historia, safari na wanyama. Katika miaka yake ya mwanzo kituo kilitegemea sana filamu zilizonunuliwa, nyingi zikitoka Uingereza. Kwa hiyo, hata kabla hakijawa na kanda yoyote ya nje, kilikuwa tayari kinapokea sauti za watu wengine. Mmarekani wa mwaka 1985 ndiye aliyekuwa kanda ya kwanza.

Upanuzi ulifuata upesi. Discovery Channel Europe ilianza tarehe 1 Aprili 1989, ikielekezwa kwanza Uingereza na Skandinavia. Mwaka 1994 zilianza huduma za Amerika ya Kusini, kwa Kihispania na Kireno, na za Asia. India ilifuata mwaka 1995, na Ujerumani mwaka 1996. Orodha hii ingeweza kurefushwa, lakini tarehe peke yake hazisemi mengi. Linalomhusu mhakiki ni namna kila kanda ilivyoshughulikia ile nafasi iliyoachwa wazi juu ya picha.

Watazamaji wa nchi za Skandinavia waliendelea kumsikia msimulizi wa Kiingereza huku wakisoma tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Ndivyo walivyozoea katika filamu zote za kigeni. Ujerumani ilikuwa na mazoea mengine: sauti ya kigeni iliondolewa kabisa na Kijerumani kikawekwa mahali pake. Poland ina desturi ya tatu, nayo ndiyo inayostahili kuzingatiwa zaidi. Huko mtu mmoja, aitwaye lektor, husoma tafsiri ya maneno yote juu ya sauti ya asili, ambayo hupunguzwa lakini haifutwi. Msomaji huyo haigizi. Hujaribu kuwa kama pazia jembamba ambalo mtazamaji anaona kupitia kwake. Na bado baadhi ya wasomaji hao wamepata umaarufu mkubwa. Krystyna Czubówna anajulikana nchini humo kwa sauti yake katika filamu za wanyama kuliko kwa kazi yake nyingine yoyote. Wapoland waliomsikia tangu utotoni hawawezi kumfikiria simba asiyekuwa na sauti ya mwanamke huyo kando yake. Pazia limegeuka kuwa sehemu ya picha.

Nchini India kituo kilianza kwa Kiingereza, kikaongeza Kihindi, na baadaye Kitamil, Kitelugu na lugha nyingine za nchi hiyo. Ongezeko hili halikutokana na upendo wa lugha. Lilitokana na hesabu: mtangazaji wa biashara hutaka kumfikia mnunuzi wa sabuni wa Madurai, na mnunuzi huyo huisikia sabuni vizuri zaidi kwa Kitamil. Hali kadhalika, kituo shindani cha National Geographic kilipata toleo la Kiarabu mwaka 2009, National Geographic Abu Dhabi, kwa ubia wa kampuni ya habari ya Abu Dhabi iliyokuwa tayari kugharimia. Kiarabu kilikuwa na mwenye kukilipia.

Mfano wa Kanada unaonyesha njia tofauti na hiyo ya soko. Toleo la Kanada lilianza tarehe 31 Desemba 1994 chini ya sheria za utangazaji za nchi hiyo, ambazo hudai umiliki wa wenyeji na kiwango maalumu cha vipindi vya nyumbani. Matokeo yake ni kwamba kituo hicho hakikuwa mrija tu. Kuanzia mwaka 1995 kilitoa kipindi chake cha kila siku cha habari za sayansi, ambacho baadaye kiliitwa Daily Planet na kikadumu hadi 2018. Hapa kanda haikupewa tafsiri, ilipewa kinywa. Lugha ilikuwa Kiingereza kilekile cha jirani, lakini mtu aliyeulizwa maswali kuhusu barafu au nyuki alikuwa mwanasayansi wa Kanada.

Toleo na Maana

Ingekosewa kudhani kwamba tofauti za kikanda ni za mapambo tu. Mifano ya filamu za BBC zilizorushwa na Discovery nchini Marekani inatosha. Walking with Dinosaurs ya 1999 ilisimuliwa na Kenneth Branagh kwa Waingereza na Avery Brooks kwa Wamarekani. Planet Earth, ya Attenborough mwaka 2006, ikawa ya Sigourney Weaver mwaka 2007. Life ikapewa Oprah Winfrey mwaka 2010. Muda nao ulibadilika. BBC haina matangazo ya biashara. Discovery inayo, na ili yapate nafasi dakika kadhaa za filamu hukatwa. Mtazamaji wa kanda moja huweza kukosa tukio zima bila kujua kwamba lilikuwapo.

Mgogoro wa Frozen Planet, mfululizo wa 2011 kuhusu maeneo ya barafu, uliweka jambo hili hadharani. Sehemu ya saba ya mfululizo huo ilizungumzia kuyeyuka kwa barafu na mabadiliko ya tabianchi. Vituo vya nchi nyingine viliruhusiwa kununua sehemu sita za mwanzo bila ya saba. Discovery haikuwa imepanga kuirusha sehemu hiyo. Baada ya malalamiko, iliirusha mwaka 2012. Tukilitazama kwa jicho la uhakiki, mfululizo wa sehemu sita ni wasifu wa uzuri, na wa sehemu saba ni tanzia. Kazi ni moja. Utanzu ni miwili. Na mwenye kuuamua alikuwa afisa wa ununuzi.

Kwa Africa, uteuzi wa Whitaker nao haukuwa wa bahati nasibu. Bara lilisimuliwa Wamarekani kwa sauti ya Mmarekani mwenye asili ya Afrika, na wala hilo si jambo la kubezwa. Lakini kuna kejeli ndogo hapa. Mwigizaji huyohuyo alijifunza Kiswahili ili aigize uhusika wa Idi Amin katika filamu ya The Last King of Scotland ya 2006, iliyompa tuzo ya Oscar. Kiswahili kilimfaa alipokuwa dikteta. Alipofika kwa tembo wa Amboseli, hakikuhitajika.

Kanda ya Afrika

Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya runinga ya wanyama tangu mwanzo wake. Armand na Michaela Denis walikaa Nairobi na kutoka huko wakaingia katika nyumba za Waingereza miaka ya 1950. Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, ya 1959, ilipata Oscar. Michael alikufa katika ajali ya ndege wakati wa kuitengeneza na akazikwa Ngorongoro. Utafiti wa Jane Goodall huko Gombe ulionyeshwa Marekani mwaka 1965, msimulizi akiwa Orson Welles. Alan Root alipiga picha za nyumbu na mchwa nchini Kenya na Tanzania kwa miongo kadhaa. Mkabala wa kawaida ulikwishawekwa, basi, kabla Discovery haijazaliwa: picha ziliondoka kwetu, zikapewa maneno ng'ambo.

Katikati ya miaka ya 1990 huduma ya setilaiti ya DStv kutoka Afrika Kusini ilipoanza kuwafikia walipaji wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, Discovery ilikuwa miongoni mwa vituo ilivyobeba. Picha zilirudi nyumbani, na zilirudi na Kiingereza. Ni haki kuikubali mantiki ya kampuni. Mlipaji wa ada ya mwezi katika miaka hiyo alikuwa mtu wa tabaka la kati aliyesoma kwa Kiingereza, na hakuna aliyemlalamikia mwenye kituo. Hata tamthilia za Mexico, zilizowatia wazimu watazamaji wa Kenya, zilitolewa katika Kihispania na kutiwa Kiingereza kabla ya kutufikia. Mtazamaji alikwisha kuzoea kwamba kitu cha kigeni huja kikiwa kimevaa Kiingereza.

Hata hivyo, hoja ya gharama haitoshelezi. Mwaka 2011 TBC ya Tanzania ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu msichana Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na watu wakaipenda. Huko kulikuwa na dola iliyotaka kusikika. Tena miaka mingi kabla ya hapo kulikuwa na mradi mwingine wenye kutaka kusikika. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi uliogharimiwa na mfuko wa Carnegie na kuongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham ulitengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Filamu zenyewe hazikuwa na sauti. Sauti ilikuwa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, na maelezo yake yalirekodiwa kwa Kiswahili na lugha nyingine. Lori lilipovuka eneo la lugha, santuri ilibadilishwa. Yaliyosemwa yalikuwa ya mkoloni: lima hivi, weka akiba hivi. Lakini ufundi wa matangazo ya kikanda, picha moja na sauti nyingi, ulifanyiwa majaribio Usambara nusu karne kabla ya Landover, na Kiswahili kilikuwamo. Inastaajabisha kwamba mtawala aliyetaka kumwamrisha mkulima alikiona Kiswahili kuwa cha lazima, na mfanyabiashara aliyetaka kumweleza mtazamaji habari za simba wake mwenyewe hakukiona.

Discovery haikukosa kabisa kulitambua bara. Mwaka 1997 ilianzisha mpango wa elimu uliopeleka runinga na filamu za mafunzo katika shule za nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Mpango huo ulifanya mengi ya manufaa. Ila ulikuwa wa hisani, na hisani na ratiba ya vipindi ni vitu viwili.

Je, Angesimuliaje?

Nafasi iliyoachwa wazi haikukaa wazi kila mahali. Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizitia filamu za kigeni Kiswahili chake mwenyewe, katika mabanda ya video na baadaye katika kaseti. Nchini Kenya DJ Afro amefanya vivyo hivyo kwa filamu za mapigano na za Kihindi. Hawa si lektor wa Kipoland. Hawafichi kwamba wapo. Hueleza, hukejeli, humwonya mhusika, huingiza mitaa yetu ndani ya miji ya Hong Kong. Kwa maneno mengine, wamemrudisha fanani katika mahali ambapo msimulizi maizi alikuwa amejiketisha. Walichagua filamu za visa. Ya hali halisi hawakuigusa sana, labda kwa kuwa tayari ilikuwa na mwenye kusema na hakuna aliyekuwa akipiga mtu teke.

Kusimulia filamu ya wanyama kwa Kiswahili kungekuwa zaidi ya kutafsiri, na sababu zake zimo ndani ya sarufi. Katika Kiingereza mnyama huweza kurejelewa kwa kiwakilishi kilekile cha jiwe na kiti. Msimulizi anapotaka tumhurumie, huhama kutoka kiwakilishi hicho na kuchukua kile cha mtu. Katika tukio la Amboseli uhamisho wa namna hiyo hufanya nusu ya kazi ya simanzi. Kiswahili hakina hatua hiyo. Tembo yumo katika ngeli ya A-WA tangu mwanzo, pamoja na mtafiti na mpiga picha. Utu wa kisarufi umekwisha kutolewa bure, na msimulizi hana budi kuitafuta simanzi kwingine.

Pia kuna suala la njeo. Filamu hizi hupenda wakati uliopo wa Kiingereza, ambao hueleza kwa umbo moja tabia ya spishi na tendo la mnyama mmoja. Kiswahili hulazimisha uamuzi. "Tembo hukimbilia vinamasi" ni sayansi. "Ndama anaanguka" ni utangazaji, kama wa mpira. "Mama akamwinua kwa mkonga, akaanguka tena" ni hadithi, na yenye -ka- hukiri kwamba msimulizi anaujua mwisho na kwamba mambo yalikwisha kutendeka. Filamu ya Kiingereza huficha kukiri huko. Picha zilizokusanywa kwa miezi mingi hujifanya zinatokea mbele yetu. Msimulizi wa Kiswahili angeweza kujificha nyuma ya -na-, lakini kila mara angejua, na wasikilizaji wake wangejua, kwamba amechagua.

Kizito zaidi ni urithi wa hurafa. Fisi wa ngano zetu ni mlafi na mjinga, mwenye kula mabaki ya wengine. Utafiti wa Hans Kruuk huko Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, uliotolewa kitabuni mwaka 1972, ulionyesha kwamba fisi madoadoa ni mwindaji hodari, na kwamba mara nyingi simba ndiye anayemnyang'anya. Watazamaji wa Ulaya na Marekani waliupata ujuzi huo kupitia filamu na vitabu. Fisi alisafishwa jina mbele ya watu ambao hawakuwahi kumsikia akilia usiku. Mtoto wa Narok au wa Karatu aliyemsikia alibaki na fisi wa hurafa peke yake, kwa sababu ugunduzi uliofanywa karibu na nyumba yao ulitoka ukiwa Kiingereza na ukarudi ukiwa Kiingereza, kwa ada ya mwezi. Hurafa haina kosa. Haikukusudiwa kuwa zuolojia. Kosa ni kuiacha iwe msimulizi wa pekee.

Dalili za njia nyingine zimekuwapo, na zimetoka katika vituo vya nyumbani zaidi kuliko katika vile vya setilaiti. Kipindi cha kilimo cha Shamba Shape Up, kilichoanza 2012, kimetolewa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia. Wildlife Warriors ya Paula Kahumbu, iliyoanza Citizen TV mwaka 2019, iliwaweka Wakenya wenyewe mbele ya kamera kuwa ndio wajuzi wa wanyama wao. Kipindi hiki cha pili kinakumbusha hali ya Kanada zaidi ya ile ya Ujerumani: si sauti mpya juu ya picha ya zamani, bali mtu aliyesimama ndani ya picha, ambaye hawezi kufutwa katika mkondo wake na mwingine kuwekwa mahali pake.